Pini za kukatika kwenye roketi: kazi yake na idadi inayofaa

Pini ya kukatika ni skrubu ndogo ya nailoni inayopita kwenye ukuta wa bomba la roketi na kuingia kwenye shingo ya pua (ncha ya mbele ya roketi), ili pua isitoke kabla ya wakati wake. Chaji ya baruti ikilipuka ndani, pini hukatwa na makali ya tundu, pua huruka na parashuti huvutwa nje.

Roketi ndogo haihitaji pini. Tepu ya kubana pua inatosha. Pini zinahitajika hasa kwenye roketi ya parashuti mbili, ambayo parashuti ndogo hutoka kileleni na ile kuu husubiri hadi zibaki mita 150 hadi 300 kufika chini. Pale kileleni mkanda unaounganisha vipande vya roketi hukazika ghafla, na pua nzito inaweza kuchomoka kwa uzito wake. Parashuti kuu ikifunguka huko juu, upepo utaichukua roketi kilomita kadhaa.

Tuchukue bomba lenye kipenyo cha ndani cha mm 98 na pua ya kilo 0.5. Ukikadiria mshtuko wa mara 50 ya mvutano wa dunia, pua itavuta pini kwa niutoni 245 hivi. Kuna nguvu nyingine ambayo wengi huisahau: hewa iliyofungiwa ndani ya bomba. Kutoka usawa wa bahari hadi mita 3,000, shinikizo la nje hupungua kwa takriban kilopaskali 31, kwa hiyo hewa ya ndani huisukuma pua kwa niutoni 230 zaidi. Jumla ni 475.

Skrubu ya nailoni ya saizi 2-56 (kipenyo cha mm 2.2 hivi) hukatika kwenye niutoni 145 hivi. Tatu ni 435, hazitoshi. Usikimbilie kuongeza ya nne. Toboa tundu la mm 3 kwenye ukuta wa chumba cha parashuti, hewa itoke yenyewe; mzigo unarudi 245 na pini tatu zinatosha vizuri. Kila pini unayoongeza inadai baruti zaidi, na baruti nyingi hukata mikanda na kuunguza kitambaa.

Upande wa pili wa hesabu ni chaji, ambayo lazima izishinde pini kwa mbali. Shinikizo la kilopaskali 100 kwenye pua hii hutoa niutoni 750 hivi. Kwa chumba cha urefu wa sm 40, hiyo ni takriban gramu 1.4 za baruti nyeusi laini.

Panga pini kwa nafasi sawa kuzunguka bomba, na weka alama ili matundu yakutane kila mara. Tundu likilegea, nailoni hupinda badala ya kukatika. Bomba la karatasi ngumu nalo huchanika kabla ya pini, kwa hiyo lowesha tundu kwa supagluu nyepesi au bandika kipande chembamba cha shaba penye tundu. Faibaglasi haina shida hiyo. Skrubu ya chuma usiitumie kamwe.

Hesabu hizi ni za kuanzia tu. Nailoni za viwanda tofauti hazilingani. Kabla ya kurusha, fanya jaribio chini ukiwa umepakia parashuti, mikanda na pini zilezile. Washa chaji kwa waya mrefu, na asisimame mtu mbele wala nyuma ya bomba. Pua iruke mita mbili au zaidi na parashuti itoke yote. Ikikwama, ongeza baruti kidogo kidogo, si zaidi ya gramu 0.2 kwa mara moja. Kisha toa masalio ya pini ndani ya matundu na uweke mpya.