Jamani, mashoga (rafiki zake wa kike) hawajamharibu binti yako

Juzi tena kwenye kikao cha wazazi hapa Wete, Pemba, kasimama mama mmoja: "Mwalimu, binti yangu fizikia alikuwa anaipenda, hao mashoga zake ndo walomharibu." Mara ya ngapi hii sijui, nshaacha kuhesabu.

Kuvutana kupo, sikatai. Mwaka 2019 Raabe, Boda na Stadtfeld walitoa utafiti wao wa wanafunzi wa Sweden, waliangalia nani rafiki wa nani na kila mtu somo gani analipenda, wakakuta watoto wanasogea kule waliko rafiki zao. Wa kike na wa kiume. Sasa hapa ndo panaponipandisha presha, maana mtoto wa kiume akiingia fizikia kwa sababu genge lake zima limeingia tunasema huyu injinia huyu, wa kike akiwafuata wenzake kwenye historia tunasema kaharibiwa, kumbe walofanya ni kitu kimoja! Na umri ule msichana rafiki zake wasichana, mvulana rafiki zake wavulana, basi ile tofauti ndogo ya mwanzo, ya wa kike na wa kiume nani anapenda sayansi, inaumuka kama unga wa maandazi. Ila inaumuka upande wowote: utafiti ule ule ulikuta msichana akiwa darasani na wasichana wengine wanaopenda sayansi, naye haiachi kirahisi.

Mwaka jana fom thrii nilikuwa na wasichana wanne tu, meza moja maabara. Siku ya saketi za umeme sindano ya amita yao, ile ya kupimia mkondo wa umeme, ikawa inarudi nyuma ya sifuri, nikajibanza nisubiri waniite, wapi! Mmoja kamwambia mwenzake "shoga we, waya umegeuza," wakacheka, wakageuza, wakaendelea.

Muhula wa pili mmoja kahamia sanaa, haijapita wiki wa pili naye kaja na barua. Kamfuata shoga yake? Au wote wawili walichoka tokea zamani na ndo kilichowakutanisha? Wallahi sijui, watu huchaguana kwa kufanana pia. Wale wa Sweden wana hesabu zao za kuyatenganisha hayo, mie nina daftari la mahudhurio.

Yule mama nikamuomba majina ya hao waharibifu. Kanitajia wawili. Mmoja yumo kwenye fizikia yangu mpaka leo, ndo anayebaki kila Jumatano kunikunjia waya.