Ukungu mweusi wa vitunguu na joto la Mombasa

Ukimenya kitunguu cha soko la Kongowea msimu wa joto, huenda vidole vikabaki na unga mweusi kama masizi. Wengi hudhani ni uchafu wa gunia. Ni ukungu, jina lake la kitaalamu Aspergillus niger, na ukiuotesha maabara utaelewa mbona umeipenda pwani.

Kuuotesha si kazi kubwa. Twachemsha gramu 200 za viazi, twachuja, kisha twatia gramu 20 za glukosi na aga ya kugandishia, maji yatimie lita 1. Mchanganyiko huo hupikwa kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzijoto 121 kwa dakika 15, ili vijidudu vilivyomo vife, halafu humiminwa visahanini ugande. Katikati ya kila kisahani twaweka kipande kidogo cha ukungu. Visahani huwekwa kwenye makabati yenye joto tofauti, na kila siku twapima kwa rula upana wa duara lililoota.

Hapo kila kuvu hujitaja kwao ni wapi. Aspergillus niger hutanuka haraka zaidi kati ya nyuzijoto 28 na 34, na chini ya 15 hudumaa. Fusarium oxysporum, inayoozesha kitako cha kitunguu, hupenda 25 hadi 28. Sclerotium cepivorum, ya uozo mweupe, ni ya baridi: hustawi kati ya 15 na 20, na joto letu huizuia. Hiyo ni ya kuogopwa na mkulima wa nyanda za juu, kwani chembe zake ngumu zaweza kukaa udongoni miaka 20 zikingoja mizizi ya kitunguu. Mchuuzi wa soko la Marikiti hapa Mombasa adui yake ni yule wa kwanza, Aspergillus niger.

Hata hivyo kisahani si kitunguu. Mle chakula ni tele na unyevu haukosi. Kijimbegu cha ukungu kilichotua juu ya ganda kavu la kitunguu hakioti, hata kukiwa na joto kiasi gani. Ganda likikaa limelowa kwa saa 6 hivi, huota. Joto la Mombasa hatuliwezi, basi tupambane na maji.

Tatizo kubwa, kwa maoni yangu, ni nailoni. Mvua ikitisha, magunia hufunikwa gubigubi na kuachwa hivyo hadi asubuhi, jasho la vitunguu likirudi juu ya vitunguu vyenyewe. Mvua ikikatika, funua. Tumia magunia ya wavu, yapandishe juu ya vichanja badala ya sakafu ya saruji, na ukinunua jumla bonyeza shingo ya kitunguu: ikiwa bado mbichi, ukungu una mlango. Kilichochubuka kiuze kwanza.

Nyumbani, unga ukiwa kwenye tabaka za nje tu na kitunguu ni kigumu, bandua tabaka hizo, osha, upike. Kilicholainika au kunuka kitupe. Mwenye pumu au mzio wa ukungu amwachie mwingine kazi ya kumenya.