Kutoka wodini si kuhamia kitandani

Mgonjwa akitoka hospitali ya Bugando, Mwanza, na kurudi nyumbani Igoma au Kirumba, ndugu humwambia: "Lala tu, nguvu zitarudi." Kumbe kulala kutwa ndiko kunakozimaliza: misuli hunywea, makohozi hujaa mapafuni, damu huweza kuganda miguuni.

Kama daktari hajakataza, akae kitini anapokula na abaki wima dakika 30 baadaye, asije akapaliwa. Atembee hatua chache mara kadhaa kwa siku, akishikwa. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, hata usiku. Hapo ndipo familia nyingi huchoka, basi pangeni zamu mapema. Kagueni visigino na juu ya makalio: ngozi iliyobadilika rangi, yenye joto au ngumu, ni dalili ya kidonda kinachoanza. Msiisugue, mlazeni upande mwingine. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, rudini hospitali saa hiyohiyo.