Posti ya nje ya mada, dawa sio kurimuvu

Watu wengi wanaamini admini mkali ndo grupu safi, mtu akitupia kitu cha nje ya mada mrimuvu basi yameisha. Sio kweli jamani, mi nimekuwa admini wa grupu la mafundi kompyuta hapa Dodoma naongea kwa niliyoyaona.

Juzi fundi wa Majengo kauliza kuhusu laptopu, adapta inatoa volti 19 fresh ila bodi haishtuki, watu wameanza kumwelekeza apime mosfeti za kuingizia moto, vile vipande vidogo vya bodi vinavyofanya kazi kama swichi ya umeme, ghafla mmoja katupia tangazo la kiwanja Nkuhungu. Afu wanne wakamjibu, bei gani, hati ipo, maji yapo? Nikafuta tangazo, maswali ya viwanja yakabaki yananing'inia pale, na swali la mosfeti limeshazama juu huko hakuna anayelikumbuka.

Kwa hiyo ishu sio yule wa kiwanja peke yake, ni wale waliomjibu, na ni sisi ambao hatujampa pa kwenda. WhatsApp tangu 2022 ina jumuiya, unaweka magrupu kadhaa chini ya mwavuli mmoja, Telegram nayo ina mada ndani ya grupu moja. Tukafungua grupu la soga na biashara, siku hizi mtu akitoka nje ya mada namwambia tu "kaka peleka kule", anapeleka. Yule wa kiwanja? Yupo, na ndo aliyekuja kutuambia mosfeti zinapatikana duka gani.