Je, wajua? Kwa nini timu bora ya besiboli ya vyuo vikuu Marekani mara nyingi hulikosa kombe

Juni 2018, mjini Omaha katika jimbo la Nebraska, Chuo Kikuu cha Arkansas kilikuwa kimebakiza kumtoa mpigaji mmoja tu wa wapinzani. Mechi ya kwanza kati ya tatu za fainali walishashinda. Ya pili walikuwa wanaongoza 3-2, zamu ya tisa ambayo ndiyo ya mwisho, na wapigaji wawili wa Oregon State wameshatolewa. Cadyn Grenier akaupiga mpira vibaya, ukapaa juu upande wa kulia, nje kidogo ya mstari. Ukidakwa, mchezo umekwisha na Arkansas ni mabingwa. Wachezaji watatu wakaukimbilia, kila mmoja akadhani mwenzake ataudaka, ukadondoka katikati yao.

Grenier akabaki kwenye gongo, akapiga pigo la kusawazisha. Trevor Larnach, aliyemfuata, akautuma mpira nje ya uzio. Oregon State wakashinda 5-3, na kesho yake wakamaliza kazi kwa 5-0.

Shabiki wa Arkansas atakuambia ni bahati mbaya. Wa Oregon State atakukumbusha mechi ya tatu: Kevin Abel, kijana wa mwaka wa kwanza, aliwarushia wapigaji mpira mchezo mzima peke yake, akaruhusu mapigo mawili tu, na wapigaji 20 wa mwisho akawatoa mfululizo. Hiyo nayo tuite bahati? Ubishi huu hurudi kila Juni, na uzuri wake ni kwamba una sehemu inayoweza kupigiwa hesabu.

Kwanza mashindano yenyewe. Tangu 1999, timu 64 huingia hatua ya mtoano. Hugawanywa katika makundi 16 ya timu nne, na kwenye kundi timu haiagi mpaka ifungwe mara mbili. Washindi 16 hukutana wawili wawili, anayetangulia kushinda mechi mbili anasonga. Wanane wanaobaki huenda Omaha, mji ambao umekuwa mwenyeji tangu 1950. Huko hugawanywa tena makundi mawili ya wanne kwa utaratibu uleule wa kufungwa mara mbili, kisha fainali, ambayo tangu 2003 ni ya mechi tatu.

Sasa mchezo wenyewe. Besiboli ina tabia ya kumdhalilisha mwenye nguvu. Katika ligi ya kulipwa ya Marekani, timu inayoshinda mechi 100 kati ya 162 huhesabiwa kuwa imepata msimu mkubwa, na hiyo ni asilimia 62 tu. Sababu iko kwenye mpira na gongo. Gongo ni la mviringo, mpira ni wa mviringo, na tofauti ya upana wa kidole hugeuza pigo zuri kuwa mpira mwepesi wa kudakwa. Mpira ukishapigwa ukaingia uwanjani, takriban mara tatu kati ya kumi mpigaji hufika salama, na sehemu kubwa ya hizo tatu hutegemea tu umeangukia wapi. Mwaka 2001 mchambuzi Voros McCracken aliwakera wengi alipodai kwamba mrushaji hana usemi mkubwa juu ya mpira ukishaguswa na gongo. Waliomfuata wamelipunguza makali dai hilo, lakini kiini chake kimebaki.

Tuchukue basi timu kali kweli, ambayo dhidi ya kila mpinzani itakayekutana naye ina nafasi ya asilimia 70 ya kushinda mechi moja. Kulivuka kundi la kwanza: asilimia 59. Kuvuka raundi ya mechi tatu: 78. Kundi la Omaha: 59 tena. Fainali: 78. Zizidishe zote nne, unapata asilimia 21. Yaani timu inayomshinda kila mtu mara saba kati ya kumi hubeba kombe mara moja tu katika misimu mitano. Ukishusha uwezo wake hadi asilimia 65, nafasi inaporomoka hadi 13. Kwa 60, ni 7 hivi.

Ndiyo maana rekodi ya timu inayopangwa namba moja kabla ya mtoano kuanza inasikitisha. Miami walipangwa namba moja mwaka 1999 na wakachukua. Baada yao ilibidi kusubiri mpaka 2024, Tennessee walipoifunga Texas A&M katika fainali. Katikati kuna makaburi ya timu nzuri mno. Oregon State ya 2017 ilimaliza na ushindi 56 na vipigo 6, viwili kati ya hivyo mikononi mwa LSU, chuo cha jimbo la Louisiana, hukohuko Omaha. Tennessee yenyewe mwaka 2022 ilishinda 57 na kufungwa 9 tu, lakini Omaha haikuiona; Notre Dame waliitoa nyumbani kwake Knoxville. Na 2025, Vanderbilt, namba moja, hawakuvuka hata kundi lao la kwanza. Wapenzi wa soka watalielewa hili haraka: ligi ya mechi nyingi humfichua mbabe, kombe la mtoano linamsamehe mnyonge. Mpira unadunda.

Hapo ningeweza kusema ni bahati, tukamaliza. Ila ukiwaangalia hao wanaoitwa wanyonge kwa karibu, unyonge wao huanza kutiliwa shaka.

Ole Miss, yaani Chuo Kikuu cha Mississippi, mwaka 2022 ilikuwa miongoni mwa timu za mwisho kabisa kupewa nafasi ya kuingia, na wengi walishaiandika tanzia. Ikatwaa ubingwa. Kinachosahaulika ni kwamba Machi mwaka huohuo ilikuwa imekaa kileleni mwa orodha ya timu bora nchini. Wachezaji walikuwa walewale. Ilipofika Omaha, Dylan DeLucia aliwafungia Arkansas milango kwa 2-0 akirusha mechi yote, na hakuna aliyethubutu kumwita mnyonge. Orodha na namba hupima miezi iliyopita, wakati mashindano hupima timu ilivyo wiki hii.

Fresno State ya 2008 ni kisa kigumu zaidi. Waliingia wakiwa wamepangwa wa nne, yaani wa mwisho kwa ubora, kwenye kundi lao. Mrushaji wao mkuu, Tanner Scheppers, alikuwa majeruhi. Wakafika fainali, wakafungwa na Georgia mechi ya kwanza 7-6, wakajibu kwa 19-10 na 6-1. Katika mechi ya mwisho alama zote sita zililetwa na Steve Detwiler, aliyekuwa akicheza na kidole gumba kilichoumia. Walimaliza msimu na vipigo 31 na kombe mkononi. Hapa mimi nakubali: bahati ilikuwa nyingi. Baadaye timu zilizopangwa za nne zikafika Omaha, Stony Brook 2012, Oral Roberts 2023 na Murray State 2025, hazikurudi na ubingwa.

Kuna pia bahati isiyohusu mpira kabisa. Mwaka 2021 NC State waliondolewa Omaha kwa sababu ya Covid wakiwa mechi moja tu kutoka fainali, na Vanderbilt wakapita bila kucheza. Wakafungwa fainali na Mississippi State.

Lakini kuna ustadi ambao msimu wa kawaida hauupimi vizuri, na huu ndio unaonivutia zaidi. Msimu mzima, timu ya chuo hucheza hasa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo inahitaji warushaji watatu wa kuanza mechi, na kila mmoja ana karibu wiki nzima ya kupumzisha bega. Kwenye kundi la mtoano mambo hubadilika. Ukifungwa mechi ya kwanza, ili upite ni lazima ushinde nne mfululizo, na zote huchezwa ndani ya siku nne, ya kufungwa ikiwamo. Mrushaji wako bora wa Ijumaa ameshatumia bega lake. Jumapili usiku utamrusha nani? Hapo ndipo kijana wa nne au wa tano, ambaye jina lake halijawahi kuandikwa popote, anaamua msimu wa watu wote. Kocha aliyemlea kijana huyo tangu Februari, akampa mechi ndogo za katikati ya wiki ili azoee presha, hajabahatisha.

Uwanja nao una wateule wake. Omaha walihamia uwanja mpya mwaka 2011, mkubwa na wenye upepo, mwaka uleule magongo ya vyuo yalipopunguzwa nguvu. Mashindano yote ya Omaha ya 2013 yalikuwa na mapigo matatu tu ya kuvuka uzio. Waliokuja wakitegemea mabavu walikwama. UCLA, chuo cha Los Angeles, walikuja na warushaji, ulinzi na uvumilivu: mechi tano, alama 19 walizofunga, nne tu walizoruhusu. Kombe lao la kwanza.

Sasa weka makocha wawili kwenye mizani. Mike Martin wa Florida State alifundisha misimu 40, akashinda mechi 2,029, akaifikisha timu Omaha mara 17. Ubingwa: sifuri. Karibu zaidi ilikuwa 1999, alipofungwa fainali 6-5 na Miami. Wakati huohuo Skip Bertman wa LSU alifika Omaha mara 11 akaondoka na makombe matano.

Watu walimsema Martin kwamba timu zake hulegea mambo yakiwa makubwa. Tupige hesabu. Ikiwa kila timu kati ya nane za Omaha ina nafasi sawa, uwezekano wa kwenda mara 17 bila kombe ni kama asilimia 10. Si jambo la kila siku, ila wala si muujiza. Miongoni mwa makocha kumi wa aina yake, mmoja angepatwa nalo bila kosa lolote. Uwezekano wa kupata matano au zaidi katika safari 11, kwa hesabu hiyohiyo, haufiki asilimia moja. Unaweza kunipinga kwamba Bertman tumemchagua kwa sababu alishinda, na pingamizi hilo lina uzito. Basi nenda kwa Rod Dedeaux, kocha wa USC, chuo kingine cha Los Angeles, aliyetwaa makombe matano mfululizo kuanzia 1970 hadi 1974. Kwa nafasi ya moja kwa nane kila mwaka, hiyo ni mara moja kati ya 32,768. Hapo bahati haina pa kujificha: USC walikuwa na wachezaji bora kuliko wenzao, na kocha aliyejua kuwatumia.

Kwa hiyo kulikosa kombe hakuthibitishi chochote, na kulipata mara moja kunathibitisha kidogo sana. Kulirudia ndiko kunakosema jambo, na siku hizi karibu hakuna anayelirudia mwaka unaofuata. South Carolina walilitwaa 2010 na 2011. Kutoka hapo hadi fainali ya 2025 hakuna aliyelitetea. Vipaji vimesambaa kwenye vyuo vingi zaidi, na safari ya timu 64 ni ndefu kuliko ile aliyoipita Dedeaux. Juni ikifika, namba iliyopachikwa timu siitazami sana. Natafuta jina la mrushaji wa nne.