Pepopunda inatafuta nini ndani ya chanjo ya taifodi?

“Chanjo ya taifodi ina pepopunda, itamletea mtoto ugonjwa wa pili.”

Hii ilizunguka sana Kibuye na Kondele, mitaa ya Kisumu, wakati wa kampeni ya chanjo ya Julai 2025, na haikuokotwa hewani. Baadhi ya chanjo za taifodi kweli zina toksoidi ya pepopunda, yaani sumu ya bakteria, ambayo ni protini, iliyotibiwa kwa kemikali mpaka ikaishiwa makali. Bakteria hai hakuna humo.

“Basi hiyo protini ni ya kujazia tu.”

Hapa ndipo penye utamu. Chanjo hizi hulenga Vi, utando wa sukari unaoifunika bakteria ya taifodi. Seli B, seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, huweza kuishika sukari hiyo, lakini ili iache kumbukumbu ya kudumu inahitaji msaada wa seli T, seli nyingine za kinga, na seli T hutambua vipande vya protini. Sukari tupu haiishughulishi. Sukari ikiunganishwa na toksoidi, seli B humeza vyote viwili, huikatakata protini na kuvianika vipande vyake. Seli T inayoijua pepopunda huja kusaidia, wala haina habari na sukari. Kingamwili hunolewa, seli za kumbukumbu hubaki.

Ndiyo maana chanjo ya zamani, ya Vi tupu, haipewi mtoto wa chini ya miaka 2, na mpishi wa samaki pale Lwang'ni, ufukweni Kisumu, akichanjwa nayo hutakiwa kurudia kila miaka 3. Iliyounganishwa hufaa hata kwa mtoto wa miezi 9.

“Kinga ikishakijua kitu, itakikumbuka kije vyovyote.”

Sivyo. Panya akichanjwa molekuli ndogo iliyobandikwa kwenye protini moja, kisha akachomwa ile ile juu ya protini ngeni, mwitikio wa pili huwa hafifu. Watengenezaji wa chanjo ya nikotini walikabiliana na jambo hilohilo: kwenye chanjo nikotini hubandikwa kwenye protini inayoibeba, lakini ya sigara huingia peke yake, bila mbebaji huyo, kwa hiyo kuvuta hakuiamshi kumbukumbu. Majaribio makubwa ya NicVAX, mojawapo ya chanjo hizo, yaligonga mwamba mwaka 2011.

“Aliyechanjwa taifodi hahitaji tena ya pepopunda.”

Anaihitaji. Ratiba haibadiliki, kwa mtoto wala kwa mama mjamzito.

“Dawa ni kitu kidogo mno, haiwezi kuamsha kinga.”

Ikiwa peke yake, ni kweli. Mwanasayansi Karl Landsteiner aliziita molekuli za namna hiyo hapteni. Lakini penisilini, molekuli ndogo, hujibandika yenyewe kwenye albumini, protini ya damu, na hapo mwili wako mwenyewe umeipa mbebaji. Aleji ya penisilini huanzia hapo. Ila si kila upele ni aleji: mtoto mwenye homa ya virusi akinywa amoksilini, dawa ya jamii ya penisilini, anaweza kutoka vipele vya virusi tu, kisha akaandikiwa “aleji” kwenye kijitabu cha kliniki na kunyimwa dawa nzuri kwa miaka. Muulize daktari kama anaweza kupimwa upya.