Ujenzi Mpya: miaka 12 ambayo Marekani ilijaribu kuwafanya waliokuwa watumwa kuwa raia

Historia ya Marekani mara nyingi husimuliwa kwa kuruka: utumwa ukaisha mwaka 1865, kisha miaka tisini baadaye akatokea Martin Luther King kudai haki. Msomaji makini hujiuliza, kama watu waliachwa huru 1865, kulikuwa na nini cha kudai tena? Jibu limo katika kipindi kiitwacho Ujenzi Mpya, cha kuanzia 1865 hadi 1877.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, serikali ya Washington ilikuwa na kazi mbili. Kwanza, kuyarudisha kundini majimbo 11 ya Kusini yaliyokuwa yamejitenga ili kuulinda utumwa. Pili, kuamua hatima ya watu weusi wapatao milioni 4 waliotoka utumwani mikono mitupu. Kazi ya kwanza ilikamilika. Ya pili ilifika mbali kuliko wengi wanavyodhani, halafu ikavunjwa. Vitabu vya shule vya Marekani vilifundisha kwa miongo mingi kwamba "ilishindikana" kwa sababu watu weusi hawakuwa tayari kutawala. Matukio yenyewe yanasema vingine.

Tuanze na ardhi, maana ndiko mambo yalikoharibikia mapema. Januari 1865, vita vikiwa bado havijaisha, Jenerali William Sherman wa jeshi la serikali kuu alikutana mjini Savannah, Georgia, na viongozi 20 wa makanisa ya watu weusi. Waliulizwa wanahitaji nini ili wajitegemee. Msemaji wao, mchungaji Garrison Frazier, alijibu kwamba wanahitaji ardhi, wailime kwa jasho lao wenyewe. Siku chache baadaye Sherman alitoa amri: ukanda wa pwani ya South Carolina, Georgia na Florida ugawiwe familia zilizotoka utumwani, kila familia isizidi ekari 40. Watu wapatao 40,000 walihamia huko na kuanza kulima.

Aprili mwaka huohuo Rais Abraham Lincoln akauawa. Makamu wake, Andrew Johnson wa Tennessee, ambaye naye aliwahi kumiliki watumwa, akashika usukani. Johnson aliwasamehe waasi kwa maelfu na kuagiza warudishiwe mashamba yao. Jenerali Oliver Howard, mkuu wa idara iliyoundwa kuwahudumia walioachwa huru, alitumwa hadi kisiwa cha Edisto kuwaambia wakulima kanisani kwamba ardhi si yao tena. Kwa maoni yangu, hakuna uamuzi uliowagharimu zaidi ya huo. Mtu asiye na shamba alilazimika kurudi kulima kwa bwana yuleyule kwa mkataba wa kugawana mavuno, akikopa mbegu na chakula, na hesabu ya deni ikiwa mikononi mwa mwenye shamba.

Wazungu wa Kusini nao hawakulala. Mabunge ya majimbo yao yalitunga sheria za kuwabana watu weusi peke yao. Huko Mississippi, mtu mweusi alitakiwa kila Januari awe na karatasi ya kuthibitisha ana kazi. Asiyekuwa nayo alikamatwa kama mzururaji, akatozwa faini, na akishindwa kulipa akakodishwa kwa mwajiri. Marekebisho ya 13 ya Katiba, yaliyofuta utumwa Desemba 1865, yalikuwa yameacha mlango mmoja wazi: kazi ya kulazimishwa iliruhusiwa kama adhabu ya kosa la jinai.

Hapo Bunge la Washington likakasirika. Lilipindua kura za turufu za Johnson, likayaweka majimbo 10 kati ya yale 11 chini ya usimamizi wa jeshi mwaka 1867, na mwaka uliofuata nusura limng'oe rais. Aliponea Seneti kwa kura moja. Kisha yakaja marekebisho mawili. La 14, la 1868, linasema kila aliyezaliwa Marekani na aliye chini ya mamlaka yake ni raia, na kwamba hakuna jimbo litakalomnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. La 15, la 1870, linakataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi au kuwahi kuwa mtumwa. Wanawake waliachwa nje.

Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 1870 Hiram Revels akawa seneta wa kwanza mweusi, kutoka Mississippi, jimbo lilelile lililowahi kumpeleka Seneti Jefferson Davis, aliyekuja kuwa rais wa waasi. Robert Smalls, ambaye mwaka 1862 akiwa mtumwa aliiba meli ya waasi katika bandari ya Charleston na kuwapita walinzi wao akiwa na familia yake ndani, alichaguliwa kuwa mbunge, na akainunua nyumba ya aliyekuwa bwana wake. Elimu ya umma ikaandikwa katika katiba za majimbo ambayo hayakuwahi kuwa na mfumo wa shule kwa wote, na watoto wa wazungu maskini nao wakafaidika.

Yote hayo yalitegemea bunduki za serikali kuu. Ku Klux Klan, kundi la siri la wazungu, na makundi ya aina yake waliwapiga na kuwaua wapiga kura, walimu na viongozi. Huko Colfax, Louisiana, Jumapili ya Pasaka ya 1873, watu weusi wengi waliuawa, baadhi wakiwa wameshajisalimisha. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1876, majaji walisema marekebisho ya 14 yanayafunga majimbo, si watu binafsi. Wauaji wakaenda zao.

Mwaka huohuo uchaguzi wa rais uliingia utata. Samuel Tilden wa chama cha Democratic alipata kura nyingi za wananchi, lakini matokeo ya Florida, Louisiana na South Carolina yalibishaniwa. Tume ya watu 15 ikaamua, 8 kwa 7, kumpa ushindi Rutherford Hayes wa chama cha Republican. Aprili 1877 Hayes aliwaondoa wanajeshi waliokuwa wakizilinda serikali za mwisho za majimbo za Ujenzi Mpya, na zikaanguka.

Marekebisho ya Katiba hayakufutwa. Yalizungukwa tu. Kuanzia Mississippi mwaka 1890, majimbo yaliweka kodi ya kulipa kabla ya kupiga kura na mitihani ya kusoma iliyosahihishwa na karani mzungu. Louisiana ilikuwa na wapiga kura weusi takriban 130,000 mwaka 1896. Mwaka 1904 walibaki 1,342. Ili kura hiyo ilindwe tena, ilibidi kusubiri Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965. Na tangu Blanche Bruce wa Mississippi amalize muhula wake mwaka 1881, Kusini haikuwa tena na seneta mweusi hadi 2013.